Wimbo wa Mama Irakoze, Bila Mama Irakoze

Thobias wa kijiji cha Mbuba, huku Ngara, alikuwa na chumba kimoja, akakiita studio. Ndani kulikuwa na kinanda, mashine ya kurekodi kanda, blanketi dirishani, na harufu ya maharage ya jirani. Umeme ulikuwa wa betri ya gari, naileta mimi kwa baiskeli. Ngoma pia nilipiga mimi. Miaka ile ya wakimbizi, kama ulisikia ngoma nzuri Ngara, usiulize ni nani. Kama ulisikia mbaya, huyo alikuwa binamu yangu.

Thobias hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusikika. Hata kanisani alikuwa anakohoa kwa noti.

Siku moja shirika moja la afya likamfuata. Walitaka muziki wa kupita chini ya matangazo redioni: mtu anaongea habari za kunawa mikono, muziki uko chini yake. Kwa hiyo wimbo uwe mtupu, bila mwimbaji, na mwenye wimbo aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba amekubali. Wakausikia wimbo wa Nkeshimana, Mrundi wa kambi ya Lukole, ambao tuliurekodi sisi. Wakaupenda.

Sasa ule haukuwa wimbo wa kucheza. Nkeshimana alipotezana na binti yake Irakoze wakati wanakimbia. Tuni ya kumbembelezea, aliyoitunga mwenyewe, akaitia maneno ya Kirundi, ambacho sisi Wahangaza wa Ngara tunakisikia bila kuuliza: Irakoze mwanangu, niko Lukole, karibu na tangi la maji, njoo. Basi. Ndiyo wimbo mzima, unazunguka.

Tulimkuta pale tangini na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," Thobias akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na huyu mpiga makopo?"

"Makopo hayo hayo, mama, yanawatoa watu machozi," nikasema.

"Nayaamini. Hata mimi masikio yaliniuma."

Thobias akamwambia wimbo wake unatakiwa redioni. Mama akaweka ndoo chini.

"Redioni? Unafika Burundi?"

"Unafika."

"Na kule Biharamulo, walikokimbilia wengine?"

"Mpaka Biharamulo, mama. Utasikika kote."

Nikamkanyaga mguu. Akauvuta. Habari ya kutoa maneno aliimeza kama dawa ya minyoo. Mama akakandamiza dole mpaka karatasi ikakunjika.

Njiani nikamuuliza, "Mbona hujamwambia?"

"Angekataa."

"Si ndiyo maana anaulizwa?"

"Wewe umeishia darasa la nne, mambo ya karatasi huyajui."

"Na wewe uliyemaliza la saba umejua nini?"

Akaongeza mwendo.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Kwenye mashine sauti ya mama ilikuwa na njia yake, kinanda yake, ngoma yake. Thobias akaishusha ile ya mama, akapiga tuni ile ile kwa kinanda. Lakini siku ya kurekodi tulikuwa wote chumba kimoja, na maiki ya ngoma ilimnasa mama kwa mbali. Ukitega sikio, nyuma ya ngoma kuna mtu anaita: Irakoze... Kama mtu yuko ng'ambo ya bonde.

Shirika wakaurudisha. Kuna sauti ndani, itoeni.

"Waambie haitoki," nikasema. "Waambie ni jini."

Thobias alivaa hedifoni, akakaa nazo muda mrefu, macho chini. Halafu akasema, "Kaa kwenye ngoma. Turudie." Tukarudia bila mama. Siku hiyo nilipiga vibaya kwa mara ya kwanza maishani, na wao wakasema safi kabisa.

Wimbo ukaanza kupigwa. Nkeshimana alikuwa anaenda kwa jirani mwenye redio kila jioni. Muziki ukianza anatabasamu, halafu anaingia mwanaume na sabuni. Alipokutana na Thobias akamwambia, "Labda betri yao ilikuwa ndogo, maneno hayakutoka. Yatatoka."

Thobias akakonda. Akawa anakwepa njia ya tangini. Redio yoyote ikianza ule wimbo, anaomba izimwe, na kinanda ni chake! Mwisho akaenda, akamwambia mama mbele yangu, "Maneno niliyatoa mimi. Tangu siku ya karatasi nilijua."

Mama akaigeuza ndoo, akaikalia. Kisha akauliza, "Wakati unalitoa jina lake, ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Na maneno, wamechukua?"

"Hapana. Walitaka muziki tu. Maneno ni yako."

"Basi mimi mkimbizi, siruhusiwi kwenda mbali. Utayaimba wewe, huko magulioni."

Thobias anaimba kama mbuzi aliyenyimwa chumvi. Lakini akafunga kinanda na spika kwenye baiskeli, mimi nikafunga betri na ngoma, tukaanza na gulio la Kirushya. Watu walicheka mpaka wakasahau kununua ndizi. Akaimba tu, jina kama lilivyo, tangi kama lilivyo. Gulio hili, gulio lile, mpaka tukaingia Biharamulo.

Pale Kaniha binti mmoja mwenye jembe begani alisimama mbele yetu. Hakucheka.

"Kaka, huo wimbo ni wa mama yangu, alinibembelezea nao."

Thobias akakata katikati. "Wewe ni Irakoze?"

"Ndiyo. Naishi hapa, nawalimia watu. Nausikia redioni tangu tunapanda maharage. Nikajua yuko hai. Ila hawakusema yuko wapi."

Maharage hayo yalikuwa yameshavunwa, yameshaliwa.

Tukaondoka naye kesho yake, mizigo yote kwenye baiskeli yangu, yeye amekaa nyuma ya baiskeli ya Thobias, anaongea njia nzima habari za mama yake. Tulipoanza kupanda mlima akauliza, "Kaka, kwa nini redioni waliyaacha maneno?"

Thobias akakanyaga pedali kidogo. Kisha akashuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akamweleza yote, hata lile jina nyuma ya ngoma.

Irakoze akateremka. Hakutukana. Akaweka jembe lake begani, akatembea mbele yetu kwa miguu. Thobias akamwita apande, njia bado ndefu. Hakugeuka. Tukasukuma baiskeli nyuma yake, kiti cha nyuma cha Thobias kitupu, mpaka Lukole.