Gauni la Mama Katikati ya Zulia

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Gendabi, kaka alipokuwa akibomoa nyumba ya bibi ili ajenge ya tofali za kuchoma. Vitu vya zamani vilirundikwa uani vikisubiri kiberiti. Wifi yangu akainua tambara moja la duara kwa ncha za vidole. "Wifi, na hili tulichome?" Nilimnyang'anya, na bado hajanielewa. Wewe labda utanielewa.

Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mama hakuacha picha. Aliacha gauni moja la pamba, la bluu lenye maua meupe, nami kila nikitoka shule nililitoa sandukuni, nikalinusa, nikalirudisha. Siku moja ya Julai, baridi imekamata kwelikweli, bibi akanikuta nalo. Hakunigombeza. Alipakua makande, tukala, kisha akaniambia nilete mkasi.

"Panya watalimaliza hilo. Tulisuke liwe zulia."

Nililia sana. Kwa akili yangu zulia ni kitu cha kukanyagwa, na sikutaka mama yangu akanyagwe na watu waliotoka kuchunga ng'ombe. Bibi aliniacha mpaka machozi yakaisha. "Si la miguu," akasema. "Ni la kwako, la kupigia magoti ukisali." Sakafu yetu ilikuwa ya udongo uliopakwa samadi, na asubuhi za Julai sala zangu zilikuwa fupi mno. Kumbe alikuwa ananiona. Hata hivyo mkasi sikuushika, alikata yeye.

Kusuka sikujua. Shuleni tulinyolewa vipara, sasa nywele za kujifunzia ningezitoa wapi? Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichosuka maishani ni gauni la mama, vipande vitatu virefu vilivyofungwa kwenye mguu wa kigoda. Ukishapata msuko, unauzungusha kuanzia katikati na kuushona kwa sindano ya gunia, kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye magunia ya ngano. Kitambaa unachokipenda ndicho kinachotangulia, bibi alisema, maana kingo ndizo zinazoisha mapema, na kingo hubadilishwa.

Mimi nilikaza kwa nguvu zangu zote, usitoke hata uzi mmoja. Matokeo yake kitu kikajikunja na kuinuka pande zote kama bakuli. Bibi akakigeuza, akakivaa kichwani, akaenda nacho kukamua ng'ombe. Nilinuna, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu msiba nilikuwa sijacheka. Aliporudi tulifumua kila kitu. "Legeza mkono, mama," aliniambia. "Halitatoroka."

Mizunguko ya nje tuliijaza kwa mitumba, ambayo siku zile ilikuwa ndiyo inaanza kumwagika mnadani. Bibi alichoma uzi wa kila nguo na kuunusa. Ukiacha jivu, ni pamba. Ukijiviringa ukawa punje nyeusi, ni nailoni, na aliitupa nguo nje, kwa sababu tulisali karibu na mafiga na cheche hazina adabu. Miaka ilivyokwenda pamba ikawa adimu, akakubali hata nailoni, huku akilalamika.

Sasa mizunguko ile ya nailoni imeisha yote, imetobolewa na cheche kama alivyosema. Bibi naye hayupo, na nyumba yenyewe ni kifusi. Madukani Katesh mjini kuna mazulia ya plastiki ya kila rangi, na simjui mtoto hata mmoja anayesuka la matambara. Inaniuma, lakini sishangai. Nguo za siku hizi hazidumu mpaka zikazeeka.

Zulia lile nimelifua, nikalianika, nikalitandika kando ya kitanda changu. Limebaki dogo, la kutosha magoti mawili tu, na bluu yake bado inaonekana. Juzi binti yangu aliniuliza bibi yake, yaani mama yangu, alifananaje. Nikamshika mkono, nikampeleka kulishika.