Spika Iliyomeza Tumbo la Jina

Sisi tuliokulia Kishanda, huku Muleba, redio hatukuisikiliza kwa masikio peke yake. Tuliisikiliza kwa kubana pumzi. Nyumba sita au saba zilitegemea redio moja, ya baba yangu, redio ya mbao yenye kitambaa mbele, na mtoto aliyekohoa mchana wakati wa matangazo ya vifo alitolewa nje akakohoe kwenye migomba. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye ungo, kando ya kahawa, na kuku akizidonoa mama alipiga kelele kuliko akidonoa mahindi. Wa rika langu mnajua ninachosema. Wengine mtanivumilia, maana niliishia darasa la nne, na nikianza kusimulia napita vichochoro vyote kabla ya kufika.

Spika ya redio ile haikuzaliwa mbovu. Wakati wa vita, watu wa Bukoba mjini walipokuwa wakikimbilia kwetu na magodoro kichwani, baba aliifunga redio kwenye gunia akaifukia chini ya majani makavu katikati ya kibanja, shamba letu la migomba. Alisema askari, wa upande wowote, akiona redio haiachi. Tulipokuja kuifukua, panya walikuwa wamekula karatasi ya spika, wakaacha tundu la kupitisha kidole gumba. Baba aliliziba kwa ukurasa wa daftari langu na uji wa muhogo. Shule wakati huo ilikuwa imejaa wakimbizi, na ilipofunguliwa mimi sikurudi. Ndiyo maana huwa nasema elimu yangu iliingia redioni.

Tangu hapo redio iliimba vizuri tu, hata kucheza ungecheza. Shida ilikuwa majina. Nasi Wahaya mnatujua, nusu ya wasichana wetu ni Koku: Kokugonza, Kokubanza, Kokuhirwa, ukiita Koku sokoni wanageuka kumi. Spika ile ilitoa kichwa cha jina na mkia wake, tumbo ikalimeza. Kwa muziki hilo halina neno. Kwa tangazo la kifo ni jambo jingine.

Dada yangu mkubwa alikuwa Kokushubira. Aliolewa Izimbya na mfanyabiashara, mtu mcheshi, aliyevuka mpaka na kurudi na mashati ya Juliana yaliyokuwa yanang'aa. Alinipa moja. Sijawahi kuvaa nguo nikajiona kama siku ile. Halafu ukimwi ukaingia, watu wakauita Juliana, kana kwamba shati ndilo lenye kosa, na mama akalichoma langu nyuma ya jiko bila kuniambia. Shemeji alikufa kwa ugonjwa huo. Dada akabaki na mtoto wa kike mdogo, na tuliambiwa dada naye amekonda. Basi mama, kila mchana, alikuwa anakaa karibu na redio kuliko mtu yeyote, sikio limegusa kitambaa.

Siku moja tukasikia: Kokush, mkwaruzo, ra, wa I, mkwaruzo, mb. Mama hakungoja. Alishika kichwa akalia, na kilio chake kikafunika yote yaliyofuata, jina la anayetangaza, siku ya mazishi, kila kitu. Majirani wakaja. Hakuna aliyeuliza kama tumesikia sawasawa. Miaka ile tangazo lilikuwa linaaminika hata kabla ya kusomwa.

Kesho yake asubuhi tulipanda lori la kahawa, baba, mama na mimi, mkungu wa ndizi wa msibani na baiskeli ya baba vikiwa juu ya magunia. Tulipokaribia nyumba ya dada mama akaanza kulia kwa sauti, mikono kichwani, kama inavyotakiwa mtu anapoingia msibani. Mimi nikafuata. Nilishangaa kidogo kutoona watu wamekaa nje, ila machozi yakishaanza hayahesabu watu.

Mlangoni mwa jiko akatokea dada yangu, kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa. Akatuona tunalia. Akajua huko kwetu kumetokea kifo. Akatupa kisu, naye akaanza kulia kuliko sisi, anatujia mbio, na mama kwa sababu macho yamejaa maji akampokea kama mfiwa mwingine, wakakumbatiana wanaliliana pale uani. Baba alikuwa nyuma anahangaika na baiskeli, dada hakumwona.

"Mama, ni baba?" akauliza. "Amekufa nani?"

Mama akamshika mashavu, akamwangalia.

"Wewe," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka hapo sijui nicheke au nifanye nini. Majirani waliokuja mbio walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee mmoja wa jirani, mwenye redio nzima, ndiye aliyetueleza: aliyetangazwa ni Kokushemera wa Ijumbi. Kokushubira, Kokushemera. Izimbya, Ijumbi. Sema haraka huku umeweka mkono mdomoni, utaona kama spika yetu ilikuwa na lawama.

Mama yeye hakucheka. Alikuwa bado amemshika dada mkono, akawa anauzungushia vidole viwili juu ya kiwiko, na vidole vinakutana. Akaingia ndani, akatoka na nguo za dada kwenye kanga na mtoto mgongoni. Dada akasema hawezi kuacha kibanja, shemeji zake watakichukua. Mmoja wa hao shemeji alikuwepo, akajikuna shingo.

"Wakichukue," mama akasema. "Mimi nimekwisha kukulilia kutoka Kishanda mpaka hapa. Mara ya pili siambiwi na redio."

Hivyo ndivyo dada alivyorudi nyumbani. Si kwa sababu tulikuwa watu wema kuliko wengine, hapana. Kabla ya siku ile tulikuwa tunaogopa kama kila mtu, na barua ya kumwita dada nyumbani, mama aliianza mara mbili akaiacha. Tungekuwa na spika nzima tungesikia Kokushemera wa Ijumbi, tungesema pole yao, tukaendelea kumenya ndizi.

Mkungu nao mama alikataa kuurudisha. Chakula kilichotoka kwa ajili ya msiba hakirudi jikoni, alisema. Kwa hiyo yeye na dada na mtoto wakatangulia nyumbani na lori, baba na mimi tukaupeleka Ijumbi kwa baiskeli, kwa watu tusiowajua. Walituuliza sisi ni upande gani wa marehemu. Baba alikuwa na ulimi mwepesi siku zote, ila hapo alijikanyaga, mwisho akasema ukweli, kwamba tulisikia vibaya tukamlilia mtoto wao tukidhani ni wetu. Mama wa marehemu akampa baba mkono. Akasema, "Basi ameliliwa na nyumba mbili, waitu, ndugu zangu. Kaeni." Tukakaa mpaka mazishi.

Baada ya hapo baba alinichukua tukaenda Bukoba kutafuta spika, dukani kwa Mhindi mmoja karibu na soko, maana wakati ule walikuwa wengi kuliko sasa. Alituwekea mbili. Ya kwanza kubwa, ya bei, ina mkanda wa fedha. Aliilaza chali, akaweka punje ya kahawa juu ya karatasi yake, akafungulia muziki, na punje ikaruka kama senene. Akatuangalia akingoja tusifu. Ya pili ndogo, rahisi, rangi ya gunia, hata yeye aliitoa kwa kuona haya. Baba akamwomba aweke watu wanaongea, si wanaocheza. Tukangoja matangazo. Mimi nikawekwa mlangoni, mgongo kwao, nirudie kila jina ninalosikia. Ile kubwa ilinguruma kama lori kwenye mlima, nikakosa majina matatu. Ile ndogo ikaleta kila jina na tumbo lake. Mhindi akamwambia baba kwamba hajawahi kuona mtu ananunua spika kwa ajili ya marehemu. Baba akasema hanunui kwa ajili ya marehemu, ananunua kwa ajili ya walio hai wasililiwe bure.

Dada aliishi nasi karibu miaka mitatu. Alinifundisha kushona, na kutukana bila kutumia neno baya. Alifia mikononi mwa mama, na jina lake liliposomwa spika ilitoa lote, Kokushubira, halikupungua hata herufi. Mama alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa anajua.

Mtoto wake sasa ni mama mzima, ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi Muleba mjini. Mwezi uliopita alitaka spika za kompyuta, zile za bei ya chini, akaniita nimsaidie kuchagua. Muuzaji akaleta jozi mbili: moja kubwa yenye taa za rangi, nyingine nyeusi, ndogo kama vipande vya sabuni. Nikasema aweke watu wanaongea. Wakacheka wote wawili. "Mama mdogo, kwani nanunua spika au mtangazaji?" akaniuliza. Nilipima hivyo hivyo. Zile zenye taa zilimeza matumbo ya maneno, hizi ndogo zilikuwa safi. Nikamwambia achukue ndogo. Akachukua zenye taa.

Sasa ukipita dukani kwake vioo vya kabati vinatetemeka, wateja wanatingisha vichwa huku wakingoja fotokopi, na habari za msiba zinaingia kwenye simu kimya kimya, jina zima na picha juu. Zamani nyumba saba zilinyamaza kwa ajili ya jina moja, na ule ukimya ninautamani, siwezi kuwadanganya. Lakini mtoto huyu aliyetoka Izimbya mgongoni anachagua spika kwa ajili ya ngoma peke yake. Hajawahi hata siku moja kuegemeza sikio kwenye kitambaa cha redio akimtafuta mtu wake. Kwa hilo nashukuru, kelele na taa zake zote pamoja. Akipunguza kidogo nitashukuru zaidi.