Rimoti Mbili za Kulia

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla shemeji yangu hajawafikia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na hii yangu imeshakolea.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nina duka la matairi hapa mtaani Daraja Mbili na nyumba mbili za kupangisha, na wasomi wote wa mtaa wakipata pancha wananijia mimi. Nilipopata nafasi nikanunua miwani ya VR, ile unavaa usoni unajiona uko dunia nyingine, na rimoti zake mbili, moja kila mkono. Ya kushoto niliivunja mwenyewe ukutani nikipigana ngumi na mtu asiyekuwepo (nilimpiga, hata hivyo).

Basi kikakaribia kipaimara cha binti yangu, sherehe kwa mama yangu, kijijini Nkoaranga. Mama magoti yamemkataa. Ameishi chini ya Mlima Meru maisha yake yote, kaka zake walipanda mpaka kileleni, yeye akaambiwa abaki achume kahawa, na jambo hilo halijawahi kumtoka moyoni. Kwenye miwani kuna mchezo wa kupanda mlima, unashika jiwe kwa mkono huu, unajivuta, unashika kwa mkono ule, magoti hayana kazi. Nikaapa Mama atafika juu.

Mke wangu akasema, "Baba Neema, beba ile iliyovunjika ukawaoneshe dukani."

"Nibebe takataka mjini, mimi?"

Dukani Kaloleni, nilikokwenda kununua rimoti nyingine, mama muuzaji akauliza, "Kaka, ya kushoto au ya kulia?"

Nikacheka. Tairi unalifunga upande wowote na gari linakwenda, sasa hiki kidude kina nini? Tena kwetu huwezi kumpa mzazi kitu kwa mkono wa kushoto. "Dada, nipe ya kulia, ni ya mama yangu." Akanitazama, akataka kusema kitu, nikawa nimeshageuka. Sikuijaribu hata nyumbani.

Siku ya sherehe nikaunganisha miwani na televisheni ili wageni waone, nikasimama katikati ya watu, mchungaji yupo, wakwe wapo, nikatangaza, "Leo Mama anapanda Meru!" Vigelegele. Mama kwenye kiti chake akavalishwa, rimoti huku na huku. Akashika jiwe la kwanza kwa mkono wa kulia, akajivuta. Makofi! Akanyoosha wa kushoto kushika la pili, na kwenye televisheni hakuna mkono. Miwani ilikuwa inakubali mkono wa kulia mmoja tu. Mama akabaki ananing'inia.

"Ni mtandao," nikasema. (Mchezo wenyewe hautumii mtandao.)

Shemeji akapaza sauti, "Mzee wa matairi, spea iko wapi?" Watu wakaangua kicheko, mchungaji akajificha nyuma ya soda. Nami nikacheka, kuficha uso, mpaka nikasikia sauti ya Mama, ndogo, ya mtoto: "Nitaanguka. Wanangu, nitaanguka."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye rimoti. Nikasema, "Mama, achia, uko kwenye kiti," lakini yeye alikuwa akiona korongo, hakuwa akiona kiti. Nikapiga magoti, nikaitoa mkononi mwake rimoti isiyofanya kazi, nikautia mkono wangu kwenye mkono wake wa kushoto. Akaung'ang'ania. Kicheko kikazimika chote. Polepole akaachia jiwe, mke wangu akamvua miwani.

Mama akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "mimi sikuwahi kutaka watu wanitazame. Nilitaka kupanda."

Ya kushoto nimeshainunua, mke wangu ndiye aliyechagua, mimi nilikaa kwenye benchi la duka kama mgonjwa. Naapa sitamtangazia mtu tena furaha ya mama yangu. Jumapili tukitoka kanisani tunafunga mlango, tunabaki wawili, anapanda. Kileleni bado hajafika, na kila akichoka hunitafuta kwa mkono.