Effie na Nyumba ya Unga

Effie MacUrran alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko hata saa za kanisa: hakuna mtu wa ukoo wetu atakayesoma neno la jarida la ukoo, alilolihariri yeye, kabla ya wenzake. Si chifu, si mwenyekiti wa chama cha ukoo, si hata yule anayeandikwa ndani yake.

Hakuwa na kiburi. Mhariri aliyemtangulia alikuwa akizipelekea nyumba kubwa kurasa kabla hazijachapwa ili zitoe maoni, na nyumba kubwa zilitoa maoni kwa kalamu nyekundu. Mwishowe jarida likajaa sifa tupu. Watu wetu wa Kanada, Patagonia na New Zealand, ambao mababu zao walifukuzwa bondeni kupisha kondoo, hawana kitu kingine cha kuwaunganisha nasi ila karatasi hizo. Wakaacha kuziamini, kisha wakaacha kuzisoma. Effie alipolichukua jarida, alibadilisha utaratibu. Bahasha za mbali zilitangulia posta, na sisi wa bonde la Corravie tulipata zetu mwisho kabisa, ingawa jarida lilifungwa kwenye meza ya jikoni kwake na ndimi zetu ndizo zilizolamba stempu. Alitaka ukoo mzima usome juma lilelile. Watu wakarudi.

Aliyewarudisha wengi ni mzee Lachlan MacUrran wa Otago, kule New Zealand, mkata manyoya ya kondoo aliyestaafu. Alilishika tawi la ukoo la kule kama mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe mkaidi. Yeye na Effie waliandikiana kila mwezi kwa miaka mingi: magoti, mvua, jamu iliyokataa kuganda. Hawakuwahi kuonana, lakini walikuwa marafiki hasa.

Mwaka wa mkutano mkuu, kila tawi huleta jiwe kutoka nchi yake, limechongwa maneno, ili liongezwe kwenye rundo la mawe la ukoo lililo kilimani, upande wa juu wa kanisa. Maneno hayo huchapishwa kwanza katika jarida, ili wasioweza kusafiri wayasome kwa sauti majumbani mwao siku hiyohiyo. Lachlan alituma ya kwake: *Wazao wa aliyebeba bendera ya chifu.*

Effie aliyasoma akaweka kikombe chini. Kila mtu wa Corravie anaijua nyumba ya watu wa Lachlan. Kuta zake bado ziko kando ya kijito, kondoo hujikinga humo upepo ukivuma, na jina lake ni Nyumba ya Unga. Mwaka wa njaa, chifu wa wakati ule alitaka watu wa kuongeza ukoo wake, akawapa wageni kipimo cha unga wa oti, nafaka ya uji wetu, ili wachukue jina lake. Babu wa kale wa Lachlan alivuka mlima akiwa na mke, watoto na jina jingine. Alichukua unga. Bendera ilibebwa na nyumba nyingine, ya kina Torquil.

Torquil ndiye mwenyekiti wa chama, na ana bucha karibu na daraja. Alikuwa pale jikoni.

"Chapa tu, Effie. Babu yangu hatafufuka kuja kudai bendera."

"Nikichapa hili bila neno, mtu wa Kanada ataamini nini tena?"

"Basi mpigie mzee simu. Mwambie taratibu. Ana miaka themanini yule."

"Nikimwambia yeye kwanza, kesho chifu naye atataka. Kesho kutwa wewe."

"Mimi? Mimi naangalia picha tu."

"Najua. Ndiyo maana kila mara unaniuliza nani amekufa."

Torquil alicheka, lakini kofia yake aliendelea kuizungusha mikononi. "Huyu si chifu, Effie. Ni Lachlan."

Effie aliyachapisha maneno ya jiwe kama yalivyo, na chini yake akaweka sentensi moja: bondeni inajulikana kuwa nyumba hiyo ilipokea jina la ukoo pamoja na unga, mwaka wa njaa. Hakukusudia kumwaibisha mtu. Kwake njaa haikuwa aibu, na bahasha za Otago zilitangulia kama kawaida. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Lachlan alikuwa ameondoka mapema, ili apitie kwa dada yake Kanada, ambaye hapokei jarida. Jarida lilimkosa nyumbani. Tawi lake lote lilisoma. Yeye hakusoma.

Alifika siku ya mkutano amevaa kilti iliyopauka, ile sketi ya wanaume wa kwetu, na jiwe kifuani, limefungwa kwa sweta. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka. Ndani ya hema watu walikuwa wakinywa uji kwa chumvi, na binamu mmoja wa Kanada aliyekuwa akigawa mabakuli alimpokea kwa kelele.

"Binamu wa Otago! Karibu, karibu! Uji uko tayari. Na safari hii hatukudai ubadili jina!"

Hema zima likacheka. Lachlan naye akacheka, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa kwenye hadithi.

"Jina gani, binamu?"

Kicheko kikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili. Mtu akampa jarida. Alisoma amesimama, akafuta miwani, akasoma tena. Effie alikuwa ameshafika mbele yake.

"Lachlan. Ni mimi."

"Nimekujua. Picha yako iko jikoni kwangu."

"Niliyoandika ni kweli."

"Sijasema si kweli. La bendera nililisikia kwa baba, na baba kwa baba yake. Unga siuonei haya, Effie. Watoto walikula."

"Basi weka jiwe. Tutachonga maneno mengine, nitakusaidia mwenyewe."

"Mwezi jana uliniandikia habari za paka wako. Kurasa mbili. Paka! Na hili ulikuwa nalo mezani."

"Nina kanuni, Lachlan. Unaijua."

"Naijua. Miaka yote nimekuwa nikiwasifia watu kanuni hiyo."

Alilifunga jiwe tena kwenye sweta. Torquil alimfuata mpaka nje ya hema. "Mzee, lete nikubebee."

"Nimelileta mwenyewe. Nitalirudisha mwenyewe."

Effie alibaki amesimama na jarida mkononi, na hakumfuata.

Wapo wanaosema bondeni kwamba ukweli ndio uliomuumiza yule mzee. Sikubaliani nao. Ukweli aliupokea vizuri kuliko wengi wetu tungeupokea. Kanuni ya Effie iliwekwa kuwazuia wenye nguvu wasiguse kalamu yake, na kwa kazi hiyo ilikuwa kanuni njema. Siku ile aliitumia juu ya mzee asiye na nguvu yoyote, tena rafiki, aliyestahili kuambiwa faraghani kabla ya kuambiwa na hema zima. Mwadilifu asiyemtofautisha mwenye nguvu na mnyonge hajamaliza kazi ya kuwa mwadilifu.

Otago hawakugombana nasi. Walinyamaza tu. Toleo lililofuata, bahasha zao zilirudi kwetu moja baada ya nyingine, bila kufunguliwa. Ya Lachlan ilikuja mwisho, na juu yake mwandiko wa mtu tusiyemjua ulisema: *Amefariki.* Effie alichapisha kifo chake bila tarehe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na yeye haandiki asilolijua.

Kanuni hiyo anaishika hadi leo. Imemgharimu tawi zima la Otago na rafiki mmoja, na ukoo haujui Lachlan MacUrran alizikwa wapi wala siku gani.