Mama Kwenye Msiba wa Watu

Mama alipokuja London kunitembelea, nilikuwa na siku moja tu ya mapumziko kutoka kwenye kazi yangu ya kutunza wazee, nikaamua kumpeleka mji mdogo huko kusini, mwendo wa saa moja kwa treni. Nilikuwa nimeandika vya kuona: kanisa kuu, magofu ya ngome, kinu cha maji cha zamani, halafu chakula. Mimi nikishapanga jambo, lazima liende. Kufikia saa tano tulishamaliza kanisa kuu na ngome, na Mama, na miaka yake sabini na mbili, alinifuata nyuma akihema bila kulalamika.

Hatua chache kabla ya kinu tulipita kanisa dogo. Gari jeusi lilikuwa mlangoni, jeneza linateremshwa. Mama akasimama, akatoa kanga yake ya manjano, akajitanda. Kwetu Tanga hupiti msiba kama unapita duka. Unaingia, unakaa, hata kama marehemu humjui. Nikamshika mkono nikamwambia huku si kwetu, huo ni msiba wa watu, na kinu kinafungwa saa saba. Akanifuata.

Kinuni kulikuwa na foleni ndefu ya tiketi. Nilimkalisha kwenye benchi kando ya mto, nikaingia. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Kwanza nilikasirika. Kisha nikahisi uzito wa begi begani: biskuti zake, juisi yake, mkate wake, vyote ninavyo mimi. Mama ana kisukari. Asubuhi nilimchoma sindano ya kushusha sukari kwa mkono wangu, na saa ya kula ilishapita kwa sababu nilitaka tumalize kinu kwanza. Simu hana, na Kiingereza chake ni cha salamu.

Maji ya pale kinuni yanakwenda kasi. Niliinama juu ya ukuta wa mto nikaona kitu cha manjano kinazunguka chini, nikalia kwa sauti mbele za watu. Ulikuwa mfuko wa plastiki. Nilikimbia hadi ngomeni, nikarudi kanisa kuu, nikawauliza wageni waliokuwa wakipiga picha, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa upole ulionizidishia hofu. Kazini nimemwona mtu ambaye sukari imemshuka: anakaa kimya, jasho linamtoka, unadhani anapumzika, na watu wanampita.

Ilishapita zaidi ya saa moja. Nilikuwa nimetoa simu niwapigie polisi, nilipokumbuka kwamba Mama hakuivua ile kanga.

Kanisa dogo lilikuwa tupu. Mzee aliyekuwa akikusanya vitabu aliniambia wameshakwenda makaburini, juu kilimani, na kwamba ndiyo, alikuwapo bibi mmoja mwenye kitambaa cha manjano, wafiwa walimpakia kwenye gari lao. Nilikipanda kile kilima mbio, roho mkononi.

Walikuwa watu wanne na kasisi. Mama alikuwa wa tano. Alikuwa amepiga magoti, anatia udongo kaburini kwa kiganja, tena na tena, wenzake wamesimama hawajui mikono waipeleke wapi. Kisha mwanamke mmoja, binti wa marehemu, akapiga magoti kando yake, naye akatia udongo. Nilingoja binti huyo amalize, halafu nikamvuta Mama pembeni. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, unatetemeka. Nilimnywesha juisi, nikamgombeza kama mtoto, nikimwuliza ningewaambia nini nyumbani. Alikunywa mpaka mwisho.

"Walikuwa wanne tu," akasema. "Ningeondokaje?"

Kwenye treni ya kurudi alikula mkate wote, uso ukamchangamka. Nilidhani hofu imekwisha. Akawa anatoa udongo kwenye kucha, polepole, bila kunitazama.

"Na wewe huku, mwanangu, watakuja wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, chini ya begi asione. Jirani yangu wa Kilburn, mtaa ninaokaa. Dada mmoja wa kazini. Sikumaliza vidole vya mkono mmoja.