Birika Linalovuja la Enos Sugden

Siku ya kwanza Enos Sugden kufanya biashara na Zillah Crabtree, alikuwa amejikunja chini ya ngazi za nyumba ya Zillah, tochi mdomoni, akisoma mita ya gesi. Zillah alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kumwacha mtu peke yake na kitu chenye namba.

"Bi Zillah," Enos alisema alipotoa tochi mdomoni, "wewe muuza vyombo unahitaji karatasi za kufungia, au siyo?"

"Inategemea karatasi zenyewe, na domo la anayeziuza."

Karatasi zenyewe zilikuwa vitabu. Enos alikuwa ametunga mashairi ya kuchekesha, akayapeleka kwa mchapaji wa kadi za mazishi, akachapiwa vitabu mia tatu vyenye ukingo mweusi, maana mchapaji hakuwa na ukingo mwingine. Vilinunuliwa kumi na saba. Vilivyosalia vilijaa chini ya kitanda, na mkewe Selina alikuwa amechoka kulala juu ya fasihi.

"Nitakupa jagi la maziwa," Zillah alisema.

"Jagi! Jasho la miaka sita, mama!"

"Jasho silioni. Naona karatasi yenye wino, na wino huchafua vikombe. Haya, jagi na kisahani chake."

"Na usichane ukurasa katikati ya shairi."

"Ukitaka hilo, rudisha kisahani."

Enos alikwenda zake na jagi tupu, akijiona ameshinda. Mwezi haukupita, wanawake wakaanza kuja kwenye meza ya Zillah sokoni na malalamiko ya ajabu.

"Bi Zillah, kikombe changu kilifungwa kwa ukurasa wa tisa. Mwoka mikate amekwama ndani ya beseni la kuogea, mkewe kaenda kuleta mafuta ya nguruwe. Alitoka?"

"Alitoka ukurasa wa kumi, shoga. Na ukurasa wa kumi umefunga bakuli la sukari."

Mabakuli ya sukari yakaisha siku ile ile, na Enos Sugden akawa mshairi.

Mji wao ni Hebblow, kaskazini ya Uingereza, mji wa viwanda vya kufuma pamba. Enos aliingizwa kiwandani akiwa na miaka kumi na mitatu, na kelele za mitambo zikamfundisha kile walichojua wafumaji wote: kuzungumza kwa midomo bila sauti, na kusoma midomo ya mwenzako aliye ng'ambo ya ukumbi. Alipokimbilia kazi ya mita, midomo ile mipana alikwenda nayo. Kila nyumba aliingia, kila jiko aliliona, kila siri ya chini ya ngazi aliimulika kwa tochi. Kisha mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, kwenye karamu ya pai ya viazi katika ukumbi wa kanisa, alipanda juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo na kuusoma mji mzima, jina kwa jina. Watu walifika wamevaa nguo zao nzuri ili watukanwe vizuri.

Zillah hakupenda. Alikuwa ameanza na kigari cha mtoto kilichojaa vikombe vyenye pengo, mvua ikimnyeshea, na miaka ishirini baadaye bado mvua ilikuwa ikimnyeshea, ila sasa juu ya vikombe vizima. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: duka la pembeni mwa uwanja wa soko, lenye paa, madirisha mawili na jiko la makaa. Mwenye duka alikuwa Bwana Jabez Pilling, mzee wa kanisa, mkavu kama biskuti ya mwaka jana. Maombi yalikuwa mawili, la Zillah na la muuza kofia. Pilling alisema, "Nitatoa jibu baada ya karamu. Nataka kuona watu wakiwa wameshiba. Mtu mwenye njaa huigiza."

Hapo ndipo Zillah alipokumbuka chungu cha gundi. Kilikaa chini ya ngazi, shubiri moja kutoka kwenye mita ya gesi. Vyombo vilivyopasuka njiani alivigandisha, akavikausha, akavipanga mezani pamoja na vizima. Enos alikuwa amekimulika chungu kile mara nne kwa mwaka. Beti moja tu kuhusu gundi, na Pilling angempa duka muuza kofia. Nani anagandisha kofia?

Akamwendea Enos nyumbani kwake, wiki mbili kabla ya karamu, na kitu kimefunikwa kwa kitambaa.

"Mwaka huu usinitaje," alisema. "Hata jina."

Enos alikuna kidevu taratibu, kama mtu anayepima gharama ya jambo kubwa. "Aa, Bi Zillah. Unajua unachoniomba? Lako ndilo shairi bora la mwaka huu."

Zillah akafunua kitambaa. Birika la chai, la bluu na nyeupe, tumbo mviringo, mdomo kama shingo ya bata.

"Selina!" Enos aliita. "Njoo uone!"

"Neno lako?"

"Neno langu. Jina lako halitatoka kinywani mwangu."

Zillah alirudi nyumbani akipiga mluzi. Birika lile lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Lingeshika chai wiki tatu, labda nne. Wiki mbili zilimtosha.

Usiku wa karamu pai ilitoka na mvuke, kabichi nyekundu ya siki ikapita mkono kwa mkono, na Enos akapanda sandukuni. Muuza jibini, Bertha Kay, alitajwa kwa miguu yake na akapiga meza kwa furaha. Kasisi alitajwa kwa hotuba zake, akainuka, akainama kushukuru. Kisha Enos akamgeukia Pilling, na ukumbi ukaacha kutafuna.

*Bwana Pilling mwenye nyumba, hamwagi maji jikoni,*
*Yai hulivika kamba, hulizamisha chaini,*
*Likiiva hujigamba: "Nani kama mimi, nani?"*
*Na mgeni akiomba, hupewa ganda mezani.*

Paa lilitikisika. Zillah alimtazama Pilling akitarajia radi. Lakini mzee yule alikuwa amewiva mashavu kama bibi harusi, akiwageukia majirani kulia na kushoto. "Ni kweli!" alisema. "Kamba yenyewe ninayo miaka tisa!"

Majina yakaendelea. Muuza kofia akapata beti mbili nzima, akalia kwa kicheko. Enos akafika mwisho, akashuka, na wanawake wakaenda kuleta tofaa za kuoka na kastadi.

Pilling akamwinamia Zillah. "Wewe hukutajwa."

"Naam, Bwana Pilling. Sina la kutajwa."

"Hm," Pilling alisema, akasogeza kiti chake kidogo, kama mtu aliyekaa karibu na mwenye mafua.

Zillah akainua macho. Mamake alikuwa mfumaji, na kusoma midomo alikunywa pamoja na maziwa. Ukumbi mzima ulikuwa ukizungumza bila sauti, na uliozungumziwa ulikuwa msiba wake.

*Hajatajwa,* midomo ya Bertha Kay ilisema kutoka meza ya mbali.

*Kama marehemu Ormerod wa makaa,* midomo ya mke wa kasisi ikajibu. *Enos alimwacha, na kabla ya Pasaka tukamzika.*

*Maskini. Mapafu?*

*Figo. Mtazame rangi.*

*Au anatoroka,* akasema mtu wa tatu, mdomo umejaa kastadi. *Yule wa pesa za kwaya naye hakutajwa. Yuko Kanada.*

Zillah akaweka kijiko chini. Mwaka mzima alikuwa ameogopa kuchekwa, kumbe Hebblow hawakumcheka mtu waliyeamua kumzika au kumfukuza. Bertha Kay akaja, akamwekea tofaa la pili kwenye sahani, akamshika bega. "Kula, mama. Kula tu. Usijibane sasa."

"Bertha, mimi ni mzima!"

"Bila shaka," Bertha alisema, na machozi yakamlenga.

Na Pilling, akiwa amempa mgongo, alikuwa tayari anamuuliza muuza kofia kama anapenda jiko la makaa.

Zillah alimkuta Enos jikoni, karibu na debe kubwa la chai, akijipangusa jasho.

"Nitaje," alisema. "Panda tena. Sema lolote. Gundi, chungu, vyote."

"Gundi gani?"

"Usinifanyie utoto, Enos Sugden. Chungu cha chini ya ngazi!"

"Aa, kile. Nusu ya mji wana gundi chini ya ngazi. Hicho si kichekesho, mama, huo ni uchumi."

"Basi lile shairi bora la mwaka ni lipi?"

Enos akatazama viatu vyake. Kisha akacheka mpaka akashika debe la chai, akaungua, akaendelea kucheka. "Halikuwepo! Miaka saba nakupitisha kwa jina tu, beti yako mwenyewe naitafuta sipati. Kila siku ya soko unarusha sahani kumi na mbili hewani kuita wateja, unadaka kumi na mbili. Mtu asiyedondosha kitu nimwimbe nini? Ukaja mwenyewe na birika. Ningekukataa?"

Zillah akapiga hesabu. Alikuwa amenunua hewa. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za kigari, mtu alikuwa amemuuzia hewa, na yeye akaibeba akipiga mluzi.

"Nitaje sasa, mwizi wewe!"

"Siwezi. Nimekula kiapo na birika nimepokea. Neno ni neno." Akajimiminia chai. "Ila mimi ndiye niliyefungwa. Wewe mdomo unao."

Zillah akatoka jikoni, akazoa sahani kumi na mbili za kanisa kwenye rafu, akapanda juu ya meza ya Pilling, kati ya kastadi na siki. Hakujua kutunga. Alijua kuuza tu, basi akafungua sauti ile ile ya sokoni.

"Njooni karibu, mabibi na mabwana! Mnasema nakufa? Sifi bila punguzo! Mnasema natoroka? Niende Kanada nikauze nini, nao wanakunywa kwenye makopo?" Sahani zikajipanga mkononi mwake kama magamba ya samaki. "Nani hapa ana kikombe changu? Wote? Basi geuzeni matako yake mkifika nyumbani. Ukiona mstari mwembamba, si nywele yangu, ni gundi! Bertha, bakuli lako la sukari lilivunjika mara mbili kabla halijafika kwenye duka lako la jibini! Kasisi, unakunywa chai kwa imani!"

"Na mimi?" Enos alipiga kelele kutoka mlango wa jiko.

"Wewe umeniuzia shairi lisilokuwepo, nami nimekulipa birika litakalovuja Jumanne ijayo!"

Kicheko kilicholipuka ukumbini kilimtoa mke wa kasisi kitini. Zillah akazirusha. Sahani kumi na mbili za kanisa, zenye umri wa miaka mia, zikapaa mpaka karibu na taa, zikageuka, zikarudi zikijipanga mkononi, tisa, kumi, kumi na moja. Ya kumi na mbili ilimfikia sawasawa kidoleni. Aliujua uzito wake. Akamtazama Enos mlangoni, akafungua vidole.

Ikapasuka vipande viwili miguuni pa Jabez Pilling.

Zillah akachungulia chini kutoka juu ya meza.

"Msijali," alisema. "Gundi ninayo."

Waliotafuna walipaliwa. Mtu alimwagia mwenzake siki akidhani ni maji ya kumzindua. Pilling peke yake hakucheka. Aliinama, akaokota vipande viwili, akaviunganisha, akavinyanyua kwenye taa, jicho moja amelifumba.

"Itashika?"

"Ya kasisi imeshika miaka mitatu."

"Na vikombe vyote vilivyovunjika, miaka ishirini, hukutupa hata kimoja?"

"Hata kimoja, Bwana Pilling."

Mzee yule mwenye kamba ya yai alimtazama kama mtu aliyemkuta ndugu yake aliyepotea. "Muuza kofia," alisema taratibu, "nilimwona akitupa sanduku zima la maboksi."

Zillah akapata duka, paa, madirisha mawili na jiko la makaa. Pilling akapata mpangaji, na akaandika kwenye mkataba kwamba vyombo vyake vitagandishwa bure mpaka kufa kwake. Alivunja vingi kuliko alivyomiliki.

Hasara ya Zillah ilikuwa moja, na haikwisha. Tangu siku ile hakuna mtu wa Hebblow aliyenunua chombo kwake bila kukigonga kwanza kwa ukucha na kusikiliza. *Ting*, wanalipa. *Tok*, wanaomba punguzo. Siku za Ijumaa duka lililia kama kanisa lenye kengele za wendawazimu.

Enos naye akapata beti aliyoitafuta miaka saba, na kila Februari watu walimdai hiyo kwanza:

*Zillah mrusha sahani, kumi na moja kadaka,*
*Ya mwisho ikenda chini, sauti ikasikika,*
*Waulizeni mjini: iliteleza? Kataka?*
*Ajuaye ni sahani, nayo imeshavunjika.*

Alichopoteza ni usingizi wa kimya, kwani birika lilianza kuvuja Jumatano, siku moja tu nje ya ahadi. Zillah alimwendea mara tatu na jingine zima. Mara tatu alikataa.

"Hapana, mama. Likivuja, wewe ndiye mdaiwa. Ukinipa zima, tumelingana. Nani anataka kulingana?"

Akaweka bakuli chini yake, na chai ikadondoka tone kwa tone miaka kumi na tisa, mpaka alipofariki, na mchapaji akamchapia kadi yenye ukingo mweusi ule ule.

Wiki iliyofuata Selina aliingia dukani na kitu kimefunikwa kwa kitambaa.

"Aliagiza nilibadilishe akishazikwa," alisema. "Si kabla ya leo. Amesema bei imeiva."

Zillah hakubishana. Alipanda ngazi, akateremsha birika bora kuliko yote, la rafu ya juu, lisilojua gundi, akaliweka kaunta mbele ya mjane.

Selina akakunja kidole, akaligonga kwa ukucha, akainamisha sikio.