Goli la Makalio na Dele la Bi Saadia

Kwa Hussni, kunyamaza ni maradhi. Siku za kazi huendesha gari la hoteli moja Bloomington, Minnesota, huko Marekani, akiwatoa wageni uwanja wa ndege, na abiria hushuka wakijua habari zake zote tangu Mombasa, yeye hajui hata jina la mmoja wao. Lakini kupumua hasa hupumua Jumamosi alasiri, Burnsville, nyuma ya duka la Bi Saadia, ambako baada ya magunia ya mchele pana televisheni, dele la kahawa na viti vya wanaume wasiotaka kurudi kwao mapema.

Baraza hiyo ina sheria moja, ya Bi Saadia mwenyewe: anayemimina kahawa hasemi. Ukishika dele, wewe kazi yako vikombe.

Zamani walibishania kandanda. Kisha mashindano ya dunia ya vijana ya hoki ya barafuni yakaletwa hapo mjini, wenyeji wakashikwa na wazimu, na baraza nayo ikaona haiwezi kubaki nyuma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvaa vile viatu vyenye visu. Lakini tangu lini mtu akangoja kujua jambo ndipo abishe?

Hussni alikuwa na donge na uteuzi. Kocha wa timu ya taifa alimwacha kijana mmoja wa papo hapo Burnsville, mfupi, mwepesi, ambaye majira fulani ya baridi alimsaidia Hussni kusukuma gari lililozama kwenye theluji. Badala yake akachukua kijana mrefu wa jimbo jingine, jezi kumi na tisa.

"Lile gogo," alisema Hussni. "Kocha mwenyewe ameshajuta. Hamkuona jana? Anamwingiza, dakika haijesha, anamtoa. Anamwingiza tena, anamtoa. Mchezaji wa maana hutolewa hivyo?"

Hoja ilikuwa nzito. Mohamed kinyozi alisema angekuwa yeye angevua jezi akaenda zake nyumbani. Aliyepinga ni Callixte peke yake, Mrwanda anayesomea uuguzi, naye si kwa ujuzi: shangazi ya yule mrefu ndiye aliyekuwa akimfundisha somo la mifupa, na mtihani ulikuwa umekaribia.

"Mzee Hussni, mpe nafasi kijana wa watu," alisema.

Hapo Hussni akajipalia makaa. "Wallahi, huyu akifunga hata goli moja, namimina kahawa hapa mpaka theluji iyeyuke."

Bi Saadia aliacha kupima bizari. "Umeapa, kaka Hussni."

"Nimeapa."

Na theluji ya Minnesota haina haraka. Mwezi wa nne unaweza kuikuta imejikalia tu.

Jumamosi ya pili wakakusanyika kutazama mechi. Haukupita muda Callixte akauliza, "Mzee, mbona wote wanatolewa?"

Hussni akakodoa macho. Kweli, kila mchezaji alikimbia kidogo, akaruka ukuta, akaketi kuhema, mwingine akaingia. Hata nahodha. Ndio mchezo wenyewe ulivyo. Hussni alilitafakari jambo hilo.

"Kocha haipendi timu nzima," akasema.

Kisha jezi kumi na tisa akajikwaa mbele ya goli, akapiga magoti huku amewapa mgongo walinzi. Mwenzake akakipiga kutoka mbali kile kisahani cheusi ambacho ndio mpira wao, kikamgonga makalioni, kikaingia wavuni. Mwenyewe hakujua amefunga mpaka wenzake walipomrukia.

Hussni alisimama. Roho ilimruka, si kwa ajili ya timu, bali kwa maneno yote ambayo yangemwozea tumboni msimu mzima. "Hilo halihesabiki. Hakukusudia. Jamani, si tumeambiwa amali huenda na nia?"

Mohamed akayumba, maana hoja ya dini si ya kuchezea.

"Nia ni yake na Mola wake," alisema Bi Saadia, akimnyooshea dele. "Wavuni kimeingia. Haya, mimina."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Hussni akamimina Jumamosi hiyo na iliyofuata, kimya, jasho likimtoka kwenye baridi ile, huku wenziwe wakimwaga upuuzi makusudi ili wamwone akiteseka.

Callixte ndiye aliyezidisha. Alikuwa amefaulu mifupa. "Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema, kikombe mkononi. "Yule mfupi wenu angefaa kubebea wenziwe maji."

Hussni alimjazia Mohamed, akamfikia Callixte, akainamisha dele. Likatoka tone moja. Akabaki pale, dele limeinama, macho yamemtulia Callixte usoni.

Callixte alitazama kikombe, akatazama dele, akatazama dirishani kule kwenye baridi. "Labda angefaa kucheza kidogo," alisema.

Tone la pili.

"Angefaa sana, mzee wangu."

Kahawa ikatiririka mpaka ukingoni. Mohamed, ambaye chake alikuwa ameshakimaliza kwa mafunda mawili, akawahi kusema kwamba kwa kweli kijana yule alidhulumiwa.

Kabla ya Magharibi baraza nzima ilikuwa imemteua yule mfupi kuwa nahodha wa taifa, na Hussni hakuwa ametamka neno.